IST au Noah? Mlima wa Lushoto Uulizwe Kwanza

Mombo na Lushoto zimeachana kama kilomita 33, lakini katika umbali huo gari hupanda karibu mita 1,000. Barabara imekata ubavu wa mlima hadi mji mdogo wa Soni, kona juu ya kona, kisha inazidi kupanda. Familia ya huku inayotafuta gari lake la kwanza haiwezi kutumia hesabu za mtu wa Kariakoo.

Chukua Toyota mbili zilizozoeleka nchini: IST ya watu watano na Noah ya watu wanane. Wengi huamini kuwa gari dogo ndilo jepesi mlimani. Si lazima iwe hivyo. IST tupu ina uzito wa takriban tani moja, Noah kama tani moja na nusu. Zijaze abiria: IST inakaribia tani 1.4, Noah inapita tani mbili. Sasa tazama injini. IST ya cc 1,300 ina nguvu za farasi zipatazo 87, Noah ya cc 2,000 inaweza kuwa na zaidi ya 150. Kila tani ya Noah kama hiyo iliyojaa inavutwa na nguvu nyingi kuliko tani ya ile IST. Mwenye kutaka gari dogo atafute IST ya cc 1,500, ambayo huifuta tofauti hiyo.

Tena hewa ya juu ni nyepesi. Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyo nayo Tanga mjini. Ndiyo maana cc 1,300 yenye watu watano na gunia la viazi kwenye buti hulalamika kabla ya kufika Soni.

Kushuka ndiko kunakotisha zaidi. Uzito ule uliosumbua injini sasa unazikalia breki, na Noah iliyojaa ina mengi ya kuzuia. Dereva anayekanyaga pedali kutoka Soni hadi Mombo huchemsha breki. Mafuta ya breki yaliyozeeka yakichemka, pedali inazama bila kushika. Gari la oto liwekwe gia ya 2 au L, injini isaidie kuzuia. Kushuka na nyutro ili kuokoa petroli ni kucheza na roho za watoto walioketi nyuma.

Kwa wanaoishi nje ya lami, pande za Mtae au Bumbuli, masika hubadili kila kitu. Gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele, likijazwa nyuma na kuelekezwa mlimani, huhamishia uzito nyuma. Matairi ya mbele yanazunguka tu kwenye utelezi. Hapo IST inayovuta kwa magurudumu manne inaishinda Noah inayovuta kwa mawili, hata kama bibi na wajukuu wote hawatatosha.

Kwa familia ya watu watano, basi, IST ya cc 1,500 inayovuta kwa magurudumu manne inatosha. Siku ya harusi, Coaster ya kukodi ipo. Wanaozidi watano kila siku wanunue Noah, nayo iwe ya kuvuta kwa magurudumu manne. Kabla ya kutoa fedha, jaza watu, panda hadi Soni ukiangalia geji ya joto, kisha shuka na fundi akiwa kiti cha mbele.