Lawi: Babu wa Makuhani Aliyeshika Upanga

Kabila la Lawi ndilo lililotoa makuhani wa Israeli, lakini babu yao mwenyewe hakuwa kuhani. Katika kitabu cha Mwanzo, mwana huyu wa tatu wa Yakobo na Lea anakumbukwa hasa kwa mauaji ya Shekemu. Mwana wa mkuu wa mji huo alimnajisi Dina, dada ya Lawi, kisha akaleta posa. Wana wa Yakobo wakaweka sharti: wanaume wote wa mji watahiriwe kwanza. Siku ya tatu, watu wakiwa bado wanaugulia vidonda, Lawi na kaka yake Simeoni wakaingia na panga, wakawaua wanaume wote. Uovu aliotendewa Dina ulikuwa mkubwa, lakini kuigeuza tohara, ishara ya agano, kuwa mtego wa kuua wanaume wa mji mzima ni jambo la kutisha.

Yakobo hakulisahau. Karibu na kufa, huko Misri, aliilaani hasira ya wanawe hao wawili na kutamka kwamba watatawanywa katika Israeli.

Wote wawili walitawanyika, ila kila mmoja kwa njia yake. Wasimeoni walipewa urithi ndani ya eneo la Yuda, na kabila lao likafifia humo. Walawi hawakupewa jimbo lolote. Walipata miji 48 katikati ya makabila mengine, pamoja na malisho, wakaishi kwa zaka. Ukuhani wenyewe ulikuwa wa uzao wa Haruni tu; Walawi wengine walihudumu katika hema la ibada, na safarini Wakohathi, ukoo mmoja wa Walawi, walibeba vyombo vitakatifu mabegani.

Kitabu cha Yubile, ambacho Kanisa la Othodoksi la Ethiopia linakihesabu kuwa Maandiko, kinasema uzao wa Lawi ulichaguliwa kwa sababu ya bidii yake kule Shekemu. Hapo sikubaliani nacho. Ni kweli kwamba katika Kutoka 32 Walawi wanawekwa wakfu wakiwa na panga mkononi, baada ya kisa cha ndama wa dhahabu. Lakini Mwanzo hakisifu mauaji ya Shekemu popote, na Yoshua 21 inaeleza mji huo uliishia mikononi mwa nani: ulipewa Wakohathi, wazao wa Lawi, uwe mji wa makimbilio. Aliyeua mtu bila kukusudia alikimbilia humo kujiokoa na mlipa kisasi.

Mhubiri anayemsifu Lawi kwa upanga wake na aisome Yoshua 21 kabla ya kupanda mimbarini.