Uso Laini wa Feleji Usitudanganye

Elburgon ni mji uliokuzwa na reli na viwanda vya mbao, na anayenoa misumeno hapa anaijua ile alama ya buluu inayobaki kwenye jino endapo jiwe la kunolea limekandamizwa mno. Buluu hutokea joto likikaribia nyuzi 300 za selsiasi, na ni ishara kwamba ncha imeanza kulegea. Jino likipata moto hata likaiva na kuwa jekundu, huja balaa jingine: chuma baridi kilicho nyuma yake hulipoza ghafla, na juu hubaki utando mgumu unaovunjika kama kioo.

Basi wanafunzi wasidhani kwamba mitambo ya kisasa imeepukana na tatizo hilo. Ipo mashine inayokata feleji kwa waya wa shaba iliyochanganywa na zinki, unene wake robo milimita hivi, nao haukigusi chuma kamwe. Kazi hufanywa na cheche za umeme ndani ya maji, njia iliyoasisiwa na Boris na Natalya Lazarenko huko Urusi ya Kisovieti mwaka 1943. Kila cheche huyeyusha chembe ya chuma. Maji huichukua sehemu kubwa. Iliyosalia huganda papo hapo, ikawa tabaka lenye unene wa sehemu chache za elfu moja za milimita, lenye vishimo na nyufa zisizoonekana kwa macho. Kifaa cha kutobolea bati, kinachogonga mchana kutwa, huweza kupasuka kuanzia katika ufa mmoja wa namna hiyo. Dawa yake ni kupitisha waya tena na tena kwa umeme hafifu, kisha kusugua. Lakini hilo hula saa, na saa ni fedha. Ndiyo maana wako wanaoridhika na mkato wa kwanza!

Je, mwalimu asiye na mashine hiyo afundishe vipi? Aokote jino la msumeno lililoungua, alikate, alisugue ubavu hadi ung'ae, kisha yeye mwenyewe (si mwanafunzi) apake asidi ya naitriki ya asilimia 2 katika spiriti. Hadubini ya somo la biolojia yatosha, mradi taa imulike kutoka juu, kwani chuma hakipitishi nuru. Utando ulioungua utajitenga kwa rangi yake.