Mchezo mpya katika parke: unafaa pale ao haufai?

Kwetu, mutu akisema «parke», tunafikiri Virunga, Kahuzi-Biega ao Garamba: pori, wanyama, walinzi. Lakini kuko parke za aina ingine, zile zinazojengwa toka mwanzo kwa ajili ya burudani. Unalipa tiketi, unaingia, unapanda treni inayokimbia juu ya mlima wa saruji, ao gari inayokupitisha ndani ya hadithi. Parke hizo ziko na mashabiki, kama vile timu za mpira. Na ugomvi wao mkubwa si kujua kama mchezo mpya unakimbia sana. Swali lao ni hili: mchezo huu unafaa mahali hapa?

Unaweza kucheka. Lakini nyuma ya swali hilo kuko lingine: mahali pakishapewa maana, nani ana haki ya kuibadilisha? Nitachukua mfano moja, Disney's Animal Kingdom, kule Florida, Marekani. Mimi ni mtu wa agronomia, na parke hiyo inasema inafundisha juu ya viumbe. Tena, lugha yetu iko ndani yake.

Ahadi ya 1998

Parke hiyo ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, Siku ya Dunia. Aliyeongoza uchoraji wake anaitwa Joe Rohde. Toka siku ya kwanza waliahidi aina tatu za wanyama: wanaoishi, waliotoweka zamani, na wale wa kuwazia tu. Wanaoishi walipewa sehemu ya Afrika na ya Asia. Waliotoweka, ni kusema dinosori, walipewa DinoLand. Wale wa kuwazia walipangiwa sehemu yao, lakini haikujengwa hata siku moja. Joka lilibaki kwenye nembo tu.

Ahadi hiyo njo kipimo cha mashabiki. Kila kitu kipya kinapotangazwa, wanauliza: kinaingia wapi katika zile tatu?

Pandora: mgeni aliyekubalika

Mwaka 2011, Disney ilitangaza kwamba italeta dunia ya filamu Avatar ya 2009. Mashabiki wengi walikasirika. Filamu ya watu wa rangi ya bluu, kwenye mwezi usiokuwako, inatafuta nini kati ya tembo na simba?

Pandora ilifunguliwa Mei 2017, na wengi walibadilisha mawazo. Sababu iko wazi. Hadithi yenyewe inahusu watu waliokuja kuchimba madini na kuharibu msitu wa wenyeji. Ndani ya parke, walichagua wakati wa baadaye: wachimbaji wameondoka, mimea inarudi, vyuma vyao vinaota kutu kati ya majani. Kwa sura ni mgeni kabisa, lakini anasema neno lile lile la parke.

Sisi watu wa shamba tunaelewa hiyo haraka. Mahindi na maharagwe havifanani. Tunavipanda pamoja kwa sababu kila kimoja kinafanya kazi kwa mwenzake: hindi linashika haragwe linalopanda, haragwe linaleta azoti katika udongo. Kufaa si kufanana. Kufaa ni kufanya kazi pamoja.

Wadudu waliondoka

Mfano wa pili uko kinyume. Katikati ya parke kuko Mti wa Uzima, mti wa kutengenezwa wenye urefu wa metre 44 hivi, umechongwa sura za wanyama zaidi ya 300. Chini ya mizizi yake, toka 1998, kulikuwa sinema ya wadudu. Watoto walilia sana mule, kwa sababu viti vilikuwa vinawagusa kama vile wadudu wanatembea. Lakini walitoka na kitu: bila wadudu hakuna uchavushaji, na uchafu haungeoza.

Mwaka 2025 waliifunga, wakaweka onyesho la Zootopia, filamu ambamo wanyama wanavaa nguo na kuishi mjini kama watu. Wenye kuitetea wanasema: kuko wanyama, basi inafaa. Mimi nasimama upande wa wanaokataa. Kwa sura inafanana kabisa, wanyama ndani ya parke ya wanyama. Kwa kazi, sioni. Sinema ya wadudu ilieleza jambo ambalo hata mukulima mwenye kupulizia dawa kila wiki anasahau. Ile mpya inaeleza maisha ya watu kwa kutumia sura za wanyama.

Dinosori nao

DinoLand ilianza kufungwa mwaka 2025. Pahali pake panajengwa sehemu ya nchi za joto za Amerika, yenye michezo ya Encanto na Indiana Jones, na imetangazwa kufunguliwa 2027. Hapa mashabiki wamegawanyika kweli. Wamoja wanasema sehemu moja ya DinoLand ilikuwa na sura ya soko la michezo ya bei rahisi, na misitu ya Amerika iko na viumbe vingi vya kuonyesha. Wengine wanajibu: ukitoa dinosori, ahadi ya tatu inabaki mbili. Na kutoweka njo somo zito kuliko yote katika parke ya wanyama. Naona wote wawili wako na haki. Itategemea kama ule msitu mpya utakuwa na kazi, ao utakuwa pambo nyuma ya filamu.

Na sisi je?

Sehemu ya Afrika inaitwa Harambe, kijiji cha kuwaziwa kilichochorwa kwa kufuata sura ya Lamu, Kenya. Vibao viko vya Kiswahili. Kuta zilipasuliwa kwa makusudi zionekane za zamani. Ukipanda gari la safari, unapita kwanza msitu mdogo waliouita Ituri, pamoja na okapi, mnyama ambaye porini anaishi Kongo peke yake. Mialoni ya Florida inakatwa matawi ili ifanane na migunga.

Kama mutu wa mimea, naheshimu kazi hiyo. Lakini naona mashabiki wanabishana miaka na miaka kama Avatar inafaa karibu na Afrika ile, na mara chache wanauliza kama Afrika ile inafaa kwetu. Mtoto wa Ohio anaweza kujua okapi toka Ituri ya Florida, bila kusikia hata neno moja juu ya watu wa Mambasa ao Epulu wanaoishi karibu na okapi wa kweli.

Basi, kitu kipya kikija mahali, pale iniversite, sokoni ao katika parke zetu wenyewe, tuulize maswali tatu. Mahali pale paliahidi nini? Kitu kipya kinafanya kazi gani kwa ahadi hiyo? Na wale ambao hadithi inawahusu, wameulizwa? Swali la kwanza na la pili, mashabiki wa Florida wanalijua vizuri kabisa. La tatu, ni sisi tunaweza kuwafundisha, lakini tukianza kwanza kujiuliza hapa kwetu.