Mtoto Akiamka Usiku, Tafuta Sababu. Usimtafutie Dawa ya Kumlaza

Leo tutazungumza juu ya usingizi wa mtoto mchanga. Jambo hili linawahusu kina mama, kina baba, mabibi, na wote wanaokaa nyumba moja na mtoto. Kila nyumba yenye mtoto mchanga inajua kukesha. Mtoto analia saa 6 usiku. Analia saa 9. Alfajiri analia tena. Mama hajalala, na kukicha kazi inamngoja.

Mama akichoka hivyo, hutafuta njia ya haraka. Hapo ndipo hatari inapoingia. Watu humshauri ampe mtoto kijiko cha dawa ya mafua ili alale. Dawa hiyo inaweza kumwua mtoto. Basi tueleze kwanza kwa nini mtoto huamka. Halafu tuone nini cha kufanya ili nyumba ipumzike na mtoto abaki salama.

MTOTO MCHANGA HAJUI USIKU WALA MCHANA

Mtoto mchanga hulala sana. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miezi 4 anahitaji kulala saa 14 mpaka 17 kwa siku. Mtoto wa miezi 4 mpaka 11 anahitaji saa 12 mpaka 16. Hesabu hiyo ni ya usiku na mchana pamoja.

Kumbe usingizi anaupata. Shida ni kwamba anaupata vipande vipande. Sababu zake ni mbili kubwa.

Sababu ya kwanza ni tumbo. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Maziwa ya mama ni mepesi na husagika upesi. Baada ya saa 2 au 3 mtoto ana njaa tena, na njaa haijui kama ni usiku.

Sababu ya pili ni mwili wake. Sisi watu wazima tuna kitu kama saa ndani ya mwili. Kiza kikiingia tunasikia usingizi, na mwanga ukija tunaamka. Mtoto anapozaliwa saa hiyo haijaanza kufanya kazi. Huanza polepole, baada ya miezi 2 au 3.

Je, ni lini mtoto atalala usiku kucha? Watoto hawalingani. Mwaka 2018 wataalamu wa Kanada walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto karibu 400. Katika kila watoto 100 wa miezi 6, watoto 38 walikuwa bado hawalali saa 6 mfululizo usiku. Walipofika mwaka mmoja, watoto 28 katika kila 100 walikuwa bado hivyo hivyo. Watoto hao hawakuonekana kuwa nyuma katika makuzi yao. Basi mama ambaye mwanawe anaamka asidhani kwamba amekosea. Wala asidhani kwamba mtoto ana husuda au shetani.

MAZIWA YA USIKU YANA KAZI YAKE

Watu wengi husema, "Huyu analia kwa sababu maziwa ya mama hayatoshi. Mpe uji ashibe." Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji uji. Hata maji hahitaji. Maziwa ya mama yana chakula na maji yote anayoyataka. Uji na maji ya mapema vinaweza kumletea kuharisha, na akishiba uji hunyonya kidogo.

Maziwa huongezeka kwa kunyonywa. Usiku mwili wa mama hutoa kwa wingi zaidi ile nguvu inayotengeneza maziwa. Kwa hiyo mtoto anayenyonya usiku anasaidia kuyaleta maziwa ya kesho.

Utajuaje kwamba anashiba? Angalia mambo mawili. Kwanza, akojoe mara 6 au zaidi kwa siku. Pili, uzito wake upande kila unapompeleka kliniki. Kadi yake itakuonyesha. Kama mstari unapanda, maziwa yanatosha.

MAMA WA MWANI NA MTOTO WAKE

Kilimo cha mwani kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Jambiani ni mmoja wa vijiji vilivyokuwa vya mwanzo. Wakulima wengi wa mwani ni wanawake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali. Kina mama huteremka pwani na kukaa huko saa nyingi, wanafunga mwani na kuvuna. Bahari haimngoji mtu. Maji yakijaa, kazi imekwisha.

Mtoto huachwa nyumbani kwa bibi au kwa dada yake. Usiku wa siku hiyo huamka mara nyingi kuliko siku nyingine. Watu husema, "Mtoto kabadilika." Hakubadilika. Mtoto aliyemkosa mama mchana humdai usiku. Anataka maziwa aliyoyakosa, na anataka harufu ya mama yake na joto lake.

Mama huyo anaweza kufanya hivi. Amnyonyeshe mtoto vizuri kabla ya kuteremka pwani. Akamue maziwa katika kikombe safi chenye kifuniko, baada ya kunawa mikono kwa sabuni. Maziwa hayo yakae mahali penye kivuli na baridi. Yasipite saa 4, na siku za joto kali yatumike mapema zaidi. Mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo, polepole, siyo kwa chupa yenye chuchu. Chupa ile ni ngumu kuisafisha. Mama akirudi, aoge maji ya chumvi yatoke, kisha amnyonyeshe mara moja kabla ya kazi nyingine.

Mtoto akipata haki yake mchana, usiku hupunguza madai.

DAWA YA KULAZA IMEWAUA WATOTO WA WENGINE

Shida hii si yetu peke yetu, wala si ya leo. Katika karne ya 19 kina mama wengi wa Uingereza walikwenda kufanya kazi viwandani. Watoto waliachwa kwa walezi. Walezi wakawapa dawa tamu iliyoitwa Godfrey's Cordial. Ndani yake mlikuwa na afyuni. Mtoto alilala mchana kutwa. Hakulia, na wala hakunyonya. Watoto wengi walikufa, ama kwa sumu ama kwa njaa.

Marekani nako ilikuwapo dawa iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup. Ilianza kuuzwa mwaka 1849. Nayo ilitiwa mofini, ambayo hutokana na afyuni. Mwaka 1911 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliitaja miongoni mwa dawa zinazoua watoto wachanga. Kina mama wale waliwapenda watoto wao. Walichoka tu, na chupa ilikuwa karibu.

Dawa nyingi za mafua na kikohozi za siku hizi hazina afyuni kama zile. Lakini nyingine zina kemikali inayoleta usingizi. Kwa mtoto mdogo kemikali hiyo inaweza kupunguza pumzi au kuvuruga moyo. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliwaonya wazazi wasiwape dawa hizo za dukani watoto wa chini ya miaka 2. Tena kuna dawa mbovu. Mwaka 2022 huko Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa baada ya kunyweshwa dawa za maji zilizokuwa na sumu ndani yake.

Mara nyingi ushauri mbaya hutoka kwa mtu anayetupenda. Tufanyeje? Tumjibu kwa heshima, kama katika mazungumzo haya:

Mama: Shikamoo, bibi.
Bibi: Marahaba, mwanangu. Huyu kakesha tena?
Mama: Kakesha, bibi. Hata sie hatukulala.
Bibi: Mpe kijiko cha dawa ya mafua. Atalala mpaka alfajiri.
Mama: Kituoni wametukataza, bibi. Wamesema inaweza kumkata pumzi.
Bibi: Mbona nyie tumekuleeni na mmekua?
Mama: Kweli, bibi, mmetulea vyema. Lakini chupa hizi za dukani hatujui zimetiwa nini. Ila wewe unajua kubembeleza kuliko mie. Nishikie kidogo, nilale hata saa moja.
Bibi: Haya, mlete. Na wewe kalale.

Mama huyu hakumvunjia bibi heshima. Alikataa dawa, akaomba msaada. Na msaada ndio aliouhitaji tangu mwanzo.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Mchana fungua dirisha. Siku 40 za uzazi mama na mtoto hukaa ndani sana. Hakuna ubaya, lakini chumba kisiwe kiza mchana. Mwanga humfundisha mtoto kwamba huu ni mchana. Ongea naye, mchezee, usiogope kelele za nyumbani.

2. Usiku fanya kinyume. Taa iwe ndogo. Mnyonyeshe na umbadilishe nguo bila ya michezo na maneno mengi. Mwanga wa simu nao uepuke.

3. Fuata utaratibu ule ule kila jioni. Kwa mfano: muogeshe, mnyonyeshe, mwimbie, mlaze. Mtoto wa miezi mitatu au minne huanza kuutambua utaratibu huo. Nyimbo za kubembelezea za mabibi zetu ni dawa nzuri, na hazina gharama.

4. Mlaze chali, yaani mgongo chini na uso juu. Zamani nchi nyingi walifundisha kumlaza kifudifudi. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994. Vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kiasi cha nusu na zaidi.

5. Alale karibu na mama, mahali pagumu kidogo na palipo sawa. Usiweke mto, wala nguo laini karibu na uso wake. Asilale katikati ya watu wazima wawili. Asilale na mtu anayevuta sigara, aliyelewa, au aliyekunywa dawa ya usingizi.

6. Mkinge na mbu. Tangu miaka ya 2000 Zanzibar imepunguza malaria sana kwa vyandarua vyenye dawa na kwa kupiga dawa majumbani. Lakini malaria haijakwisha. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro.

7. Usimtie joto. Wakati wa kaskazi mtoto hahitaji kofia, soksi na blanketi kwa pamoja. Mguse shingo na kifua. Akiwa na jasho, mpunguzie nguo. Wakati wa kusi upepo ni wa baridi, mfunike kwa kiasi.

8. Zuia moshi. Usivute sigara wala usifukize udi au ubani katika chumba alimo mtoto.

Wako watoto wanaolia sana jioni, hata wakishiba. Wengi wetu husema ni chango. Kilio hicho huzidi mtoto anapofika wiki 6 hivi, kisha hupungua akifika miezi 3 au 4. Mcheulishe, mbebe wima kifuani, tembea naye. Ukihisi hasira imekupanda, mlaze chali mahali salama, toka nje upumue, au mwite mwenzako. Usimtikise mtoto hata kidogo. Kumtikisa kunaweza kuumiza ubongo wake.

KIMYA KINGINE NI CHA HATARI

Tumezoea kusema mtoto aliyelala ni mtoto mzuri. Siyo kila mara. Mpeleke mtoto mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Makunduchi, hata kama ni usiku, ukiona moja ya dalili hizi:

– hataki kunyonya, au amelegea na ni vigumu kumwamsha;
– ana homa, au mwili wake ni wa baridi sana;
– anapumua mbio, yaani mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, au kifua kinabonyea akivuta pumzi;
– ana kifafa au degedege;
– anatapika kila kitu, au analia bila ya kunyamaza na kilio si cha kawaida yake.

Hapa ndipo tunapoona ubaya mwingine wa dawa ya kulaza. Inaificha dalili. Mama anadhani mtoto kalala, kumbe mtoto ni mgonjwa.

MZIGO UGAWANYWE

Mtoto ni wa mama peke yake wakati wa kunyonya tu. Mengine yote baba anayaweza. Anaweza kumcheulisha, kumbadilisha nguo, kumbeba na kuteka maji. Baba akiamka mara moja usiku, mama hupata saa moja zaidi ya usingizi. Siku mama anapotoka pwani, wifi au bibi anaweza kumshika mtoto baada ya kunyonya ili mama ajinyooshe. Mama naye alale mtoto anapolala, vyombo vitangoja.

Miezi hii ya kukesha ina mwisho. Mtoto atakua, tumbo litapanuka, na saa ya mwili wake itaanza kwenda. Kazi yetu ni kumfikisha huko akiwa mzima.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini mtoto mchanga huamka usiku? Taja sababu mbili.
2. Katika kijiji chenu, watu huwapa watoto kitu gani ili walale? Mnafikiri ni salama?
3. Siku za bamvua, nani humwangalia mtoto? Mnaweza kupangaje ili apate maziwa ya mama yake?
4. Taja dalili tatu za kumpeleka mtoto kituoni mara moja.
5. Kina baba waseme: usiku wa leo mtasaidia kazi gani?