Fundi Asiyeficha Ufundi Wake

Katika nyumba nyingi za Bunia, kule Mudzi-Pela au Nyakasanza, mtaona ukutani, karibu na msalaba, picha za watu: babu aliyekwisha fariki, bwana na bibi siku ya ndoa yao, mtoto aliyevaa nguo nyeupe siku ya Komunyo ya kwanza. Picha hizo si pambo tu. Katika vita vilivyoipiga Ituri tangu mwaka 1999 hata 2003, na tena katika machafuko yaliyoanza Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, maelfu ya watu walikimbia makwao. Mama aliyekimbia na mtoto mgongoni hakuweza kubeba kabati, lakini picha moja yaweza kufichwa katika pindo la kitenge. Aliyeiokoa ameuokoa uso wa marehemu wake. Basi kazi ya kupiga picha za watu ni kazi ya heshima, nasi tuna haki ya kuuliza: nani atawafundisha vijana wetu kazi hiyo kwa ukamilifu?

Mafundi wengine huogopa kufundisha. Husema moyoni, “Nikimwonyesha kijana huyu siri zangu zote, kesho atafungua studio mbele ya mlango wangu.” Kwa hiyo humpa mwanagenzi ufagio, wala si kamera, na saa ya kazi yenyewe humtuma sokoni. Hofu hiyo si ya kipumbavu, maana fundi naye ana watoto wa kulisha. Lakini na tutazame habari ya kweli itokayo Bamako, mji mkuu wa Mali.

Huko alizaliwa Seydou Keïta, yapata mwaka 1921. Alikuwa kijana wa useremala, asiyesoma shule. Mwaka 1935 ami yake alirudi kutoka Senegal, akamletea zawadi ya kamera ndogo ya Kodak. Kijana akaipenda kuliko randa na msumeno. Lakini kuwa na kamera si kuwa fundi. Siku zile filamu ilipaswa kusafishwa kwa dawa katika chumba cha giza, kisha picha ichapwe juu ya karatasi, na hayo Keïta hakuyajua. Mjini alikuwapo mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga picha, jina lake Mountaga Dembélé. Huyo hakumfukuza kijana. Alimkaribisha katika chumba chake cha giza, akamwonyesha jinsi ya kusafisha filamu na kuchapa picha.

Mwaka 1948 Keïta alifungua studio yake mwenyewe katika mtaa wa Bamako-Koura. Watu wakamjia kwa wingi. Aliwapiga picha uani, katika mwanga wa jua, mbele ya kitambaa chenye maua. Nacho kitambaa chake cha kwanza kilikuwa tandiko la kitanda chake. Asiyekuwa na saa aliazimwa saa, na asiyekuwa na koti aliazimwa koti. Kwa kuwa filamu ilikuwa ya bei, kwa kawaida alimpiga kila mtu picha moja tu. Kwa hiyo alikawia kwanza kumweka vizuri, mikono, kichwa na macho. Keïta alifariki mwaka 2001, akaacha filamu zaidi ya 10,000, na picha zake zimetundikwa katika majumba makubwa ya Paris na New York. Jina la mwanafunzi limelipita jina la mwalimu. Je, mwalimu alipata hasara? Wanaoisimulia leo habari ya Keïta humtaja Dembélé pia. Kama angaliufunga mlango wake, nani nje ya Bamako angalimtaja?

Hata katika nchi yetu ya Kongo kazi hii imepita mkono kwa mkono. Ambroise Ngaimoko, aliyefungua Studio 3Z mjini Kinshasa mwaka 1971, alifunzwa kwanza na jamaa yake aliyekuwa mpiga picha.

Siku hizi simu imekuwa kamera, na vijana hudhani hapana tena la kujifunza. Lakini mwanga haukubadilika. Bunia i karibu na ikweta. Saa sita mchana jua husimama juu ya utosi, na macho ya mtu huwa kama mashimo meusi. Fundi mwema humwambia mwanagenzi: ngoja jioni, au mweke mtu barazani, uso wake ukielekea nje penye mwanga. Tena kamera hupima mwanga wa mahali pote kwa pamoja. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe unaong'aa, chombo hudanganyika, na uso wake hutoka kama kivuli. Basi tafuta ukuta wa rangi iliyofifia, au uuongeze mwanga mpaka uso uonekane. Mambo hayo huelezwa kwa dakika tano, lakini asiyeelezwa huweza kukosea miaka mitano.

Wakristo tunalo neno la zaidi. Katika kituo cha sita cha Njia ya Msalaba twamkumbuka Veronika, aliyeupangusa uso wa Bwana, na kwa mapokeo ya kale uso ule ukabaki katika kitambaa chake. Kwa sababu hiyo wapiga picha wengi humheshimu kama msimamizi wao. Yeye alianza kwa kuhurumia, ndipo akapewa sura. Nasi twamjua yule mtumishi wa Injili aliyeizika talanta ya bwana wake kwa hofu. Ufundi unaofichwa huzikwa vivyo hivyo, na siku fundi afapo huenda naye kaburini.

Basi ninyi mafundi, mpeni kijana kamera mkononi, mkasimame karibu naye akikosea. Nanyi vijana, msiwalipe walimu wenu kwa kuwanyang'anya wateja kwa bei ya kutupa. Mwulizeni kwanza mwalimu ni mtaa gani usio na mpiga picha, mkafungue huko. Na siku mtakapopata mwanagenzi wenu, mfundisheni bila kumficha neno.