Muziki mzito wa matarumbeta waweza kuandikwa kwa kompyuta

Na Mwandishi Wetu

MTUNZI aliyeko Mbwara, wilayani Rufiji, anayetaka kuiandikia bendi ya ala za kupuliza muziki wa kusikilizwa ukumbini, hana wapigaji arobaini wa kumjaribia kazi yake. Bendi kubwa za aina hiyo nchini zimo zaidi katika Jeshi, Polisi na Magereza. Kompyuta yenye sauti za ala zilizorekodiwa humzibia pengo hilo, lakini pia yaweza kumdanganya.

Utaratibu wenyewe ni huu: wapigaji halisi hurekodiwa wakipuliza nota moja moja, kwa sauti ndogo, ya kati na kubwa. Mtunzi anapoandika nota, kompyuta huchagua sauti inayolingana na kuitoa. MIDI, lugha inayowezesha kompyuta na vinanda vya umeme kuelewana, ilianza mwaka 1983. Programu ya MuseScore, ambayo toleo lake la nne lilitoka Desemba 2022, hupatikana bila malipo.

Hatari ni kwamba kompyuta haipumui. Tuba ya kompyuta hushikilia nota moja kwa dakika nzima, wakati mpigaji wa tuba huishiwa pumzi mapema kwa kuwa chombo chake hula hewa nyingi. Tarumbeta ya kompyuta haichoki midomo. Aidha, filimbi katika sauti zake za chini ni dhaifu. Kwenye kompyuta huongezwa nguvu hadi ikazifunika tromboni tatu, jambo lisilowezekana ukumbini.

Lipo pia suala la kuandika karatasi za wapigaji. Klarineti na tarumbeta za kawaida hutoa sauti iliyo chini kwa toni moja kuliko nota iliyoandikwa. Mtunzi asiyezingatia hilo husikia kazi safi kwenye kompyuta, kisha bendi ikapiga vurugu.

Muziki huu si mgeni Pwani. Ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi, ilizuka Lamu na Mombasa miaka ya 1890, kisha ikaenea Tanganyika. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ambayo katika delta ya Rufiji ilishuhudia manowari ya Wajerumani Königsberg ikizamishwa Julai 1915, iliwatawanya askari na wapagazi walioisambaza zaidi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alieleza jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyoshindana kwa gwaride, mavazi na vyeo.

Huko Uingereza nako bendi za kijeshi zilitegemea zaidi machi na muziki ulioazimwa kutoka okestra, hadi watunzi kama Gustav Holst, mwaka 1909, walipoziandikia kazi zao wenyewe.

Kwa mtunzi wa Rufiji, pengo kubwa zaidi ni ngoma. Sauti nyingi zinazouzwa zilirekodiwa Ulaya na Marekani, hivyo msondo na chapuo ni nadra kuwamo. Zinaweza kurekodiwa papo hapo kwa kinasa sauti, pigo moja moja, kwa ridhaa ya wapigaji.

Hata hivyo, hukumu ya mwisho haitolewi na kompyuta. Kabla ya kuikamilisha kazi, mtunzi hana budi kumpelekea mpiga klarineti mmoja na mpiga tuba mmoja karatasi zao, awasikilize wanapopumua.