Jina la Mtaalamu Hujengwaje? Mafunzo ya Kagongwa kwa Mwanafunzi wa Uzamili wa Tiba

Kagongwa, katika Manispaa ya Kahama mkoani Shinyanga, ni mji wa mashine za kukoboa mpunga. Mnunuzi wa mchele anayefika hapo haridhiki na maandishi yaliyochapwa juu ya kiroba. Huchoma bambo ubavuni mwa gunia, akamimina punje kiganjani, akazitazama, akazinusa, kisha akatafuna moja mbili. Muuzaji aliyechanganya mchele mzuri na chenga hugundulika papo hapo, na habari zake huzifikia mashine nyingine kabla jua halijatua. Aliye mwaminifu naye hutafutwa kwa jina, hata na wanunuzi ambao hawajapata kumwona.

Nimeanza na soko hilo kwa sababu wanafunzi wa uzamili wa tiba huniuliza mara kwa mara: je, daktari anayesomea ubingwa anapaswa kujitangaza? Wanawaona vijana wa fani nyingine wakijijengea umaarufu mitandaoni, wanaziona nafasi za kazi zikigombewa na wengi, nao wanahofu kubaki nyuma. Hofu hiyo ina msingi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mchele uliofungiwa ghalani haununuliwi na mtu, hata ukiwa mwema namna gani. Mwanafunzi anayenyamaza kabisa hukosea, na anayepiga kelele bila kazi hukosea zaidi. Jina la kitaaluma ni imani ambayo mtu asiyekujua anaweza kuihakiki. Makala haya yanaeleza namna imani hiyo inavyojengwa katika miaka michache ya masomo.

Tasnifu iliyobaki rafuni

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili nilikusanya taarifa za utafiti wangu miongoni mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, baadhi yao wakiwa wakazi wa Kagongwa waliokuwa wakienda na kurudi machimboni. Watu hawa hushinda kwenye maduara na kwenye makarasha yanayosaga mawe, wakivuta vumbi laini lenye silika. Vumbi hilo likizama ndani ya mapafu huacha makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, nao hauna dawa ya kuuponya. Aliyevuta vumbi la silika kwa muda mrefu pia yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu. Kikohozi na kuishiwa pumzi hufanana katika magonjwa yote mawili, hivyo mgonjwa wa silikosisi anaweza kutibiwa kifua kikuu asichokuwa nacho, huku akirudi kila siku kwenye vumbi lile lile.

Nilitetea tasnifu yangu, nikafaulu, ikajalidiwa kwa jalada gumu na kuwekwa maktaba. Miaka miwili baadaye nilipita Kagongwa kwa shughuli nyingine. Mzee mmoja aliyeshiriki katika utafiti alinitambua. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Daktari, ulitupima vifua ukaondoka. Majibu yako wapi?"

Kila mshiriki alikuwa amepewa majibu yake binafsi, na waliohitaji matibabu walipelekwa hospitali. Alichokiuliza mzee yule ni jibu la wote: vumbi la karasha linawafanya nini, na wafanye nini? Jibu lilikuwepo, lakini lilikuwa kwenye rafu, kwa Kiingereza, mahali ambapo yeye hawezi kufika. Sikuwa nimelichapisha katika jarida, wala sikuwa nimelipeleka zahanati. Nilikuwa na shahada. Jina sikuwa nalo, wala kwa wanasayansi wenzangu wala kwa watu wa Kagongwa. Hayo ninayoyaeleza hapa chini nilijifunza baada ya aibu ile.

Shika swali moja

Jambo la kwanza ni kuwa na swali ambalo watu watakuhusisha nalo. Historia ya sayansi ya Tanzania ina mfano mzuri. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wakati wa kutengeneza aiskrimu aligundua kwamba mchanganyiko wa maziwa alioutia kwenye friza ukiwa bado moto uliganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Aliuliza, akachekwa. Hakuliacha swali lake. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam aliyekuwa amekwenda kuzungumza na wanafunzi. Osborne alilichukulia swali kwa uzito na kulifanyia majaribio, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja. Jina la Mpemba lilitangulia.

Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo. Wengine hawajafanikiwa kulirudia katika maabara. Hata hivyo, ulimwengu mzima unaliita kwa jina la Mpemba. Umaarufu wake haukutokana na kuwa na jibu la mwisho. Ulitokana na kutazama vizuri, kuuliza waziwazi, na kumpata mkubwa mwenye uadilifu wa kutomnyang'anya kazi yake.

Mwanafunzi wa uzamili ana muda mfupi, mara nyingi miaka 3 au zaidi kidogo. Akiandika insha juu ya moyo, akawasilisha kisa cha figo, kisha akafanya tasnifu juu ya malaria, atamaliza akiwa amegusa mengi na kujulikana kwa lolote kati ya hayo kwa shida. Anayeamua mapema, kwa mfano, kufuatilia vumbi na mapafu ya wachimbaji, anaweza kuyafanya mapitio ya maandiko katika mwaka wa kwanza, kukusanya takwimu katika wa pili, na kuandika makala katika wa tatu, kila kazi ikiibeba nyingine. Wagonjwa wa magonjwa mengine atawahudumia kama kawaida. Swali lake ndilo litakalobaki moja.

Andika jina lako kwa namna moja

Jambo la pili ni dogo kwa sura, nalo limewapotezea wengi kazi zao. Mtanzania huwa na jina lake, la baba na la babu. Katika cheti huandikwa matatu, katika makala ya kwanza mawili, katika ya pili herufi za mwanzo, na aliyeolewa huenda akaongeza la nne. Hifadhidata za kisayansi hupanga waandishi kwa jina la mwisho, hivyo mtafiti mmoja huonekana kama watu watatu, kila mmoja akiwa na kazi kidogo.

Chagua mpangilio mmoja kabla ya kuchapisha makala ya kwanza, uufuate daima. Jiandikishe ORCID, namba ya tarakimu 16 inayotolewa bure kwa watafiti tangu mwaka 2012. Namba hiyo hubaki yako hata ukibadili jina, chuo au nchi. Tumia pia anwani ya barua pepe utakayodumu nayo, kwa kuwa ile ya chuo huweza kufungwa ukishahitimu, na barua ya msomaji wa makala yako ikaangukia pasipo mtu. Wasifu wako wa kitaaluma uuhuishe kila baada ya miezi michache, ukiandika tu lile linaloweza kuthibitishwa. Anayesomea ubingwa asijiite bingwa. Neno hilo lina siku yake, nayo ni baada ya kufuzu na kusajiliwa.

Jifunze kusema mbele ya watu

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe usio wa kawaida kwenye taya. Muda mfupi baadaye alimwona mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja, akaanza kuwatafuta wengine. Alichapisha makala mwaka 1958 katika jarida la upasuaji la Uingereza, lakini haikuzua mjadala mkubwa. Mwaka 1961 alialikwa kuzungumza katika hospitali moja ya London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, aliyeondoka pale akiwa na shauku ya kupata sampuli za uvimbe huo. Sampuli zilisafirishwa kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein na wenzake walitangaza kirusi ambacho leo kinajulikana kwa majina ya Epstein na Barr. Makala ilikuwepo tayari; mazungumzo ndiyo yaliyoiunganisha na mtu aliyeihitaji.

Kwa hiyo uwasilishaji ni stadi ya kazi kama kusikiliza kifua. Nawashauri wanafunzi wafanye zoezi hili: waeleze utafiti wao kwa dakika 10 mbele ya watahini, kwa dakika 5 mbele ya wauguzi wa zahanati, na kwa dakika 2 mbele ya mchimbaji, kwa Kiswahili chepesi kisichoazima istilahi hata moja. Wengi hukwama kwenye dakika zile 2. Aliyekwama hapo mara nyingi bado hajaielewa vizuri kazi yake mwenyewe.

Yasiyouzwa kwa ajili ya jina

Kuna mipaka ambayo daktari havuki ili ajulikane. Wa kwanza ni siri ya mgonjwa. Tamko la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa mara ya kwanza mwaka 1948, linamfunga daktari kutunza siri za mgonjwa hata baada ya kifo chake. Nchini kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kuficha jina au macho katika picha hakutoshi. Katika mji mdogo, ukiandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba umempokea mama mwenye uvimbe mkubwa shingoni anayeuza chakula karibu na mashine fulani, umeshamtaja. Kisa cha kufundishia kitolewe kwa ridhaa ya mgonjwa iliyoandikwa, naye awe ameelewa kitaonekana wapi na kwa nani.

Mpaka wa pili ni haki ya wenzako. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa dhati katika kazi yenyewe, ameshiriki kuiandika au kuihariri kwa kina, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa yaliyomo. Zungumza na msimamizi wako juu ya mpangilio wa majina mwanzoni, kabla ya kukusanya taarifa. Ni rahisi kupatana wakati bado hakuna cha kugombea. Wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii waliokupeleka nyumba kwa nyumba nao washukuriwe kwa maandishi.

Mpaka wa tatu ni majarida ya ulaghai, yanayochapisha chochote bila kukipitisha kwa wanataaluma, ilimradi ada imelipwa. Barua zao za kusifu humfikia kila mhitimu. Kabla ya kutuma kazi, mwoneshe msimamizi na mkutubi jarida hilo, uulize ni nani wahariri wake na kama linasomwa na wataalamu wa fani yako. Makala iliyochapwa humo ni sawa na chenga ndani ya gunia: bambo litaifikia siku moja, nayo itatiliwa shaka pamoja na kazi zako njema.

Rudisha majibu

Jambo la mwisho ndilo ningelianza nalo kama ningepewa nafasi ya kusoma tena. Katika pendekezo la utafiti, andika tangu mwanzo lini, wapi na kwa lugha gani utarudisha majibu kwa waliokupa taarifa zao. Tenga nauli ya safari hiyo katika bajeti. Andaa ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa ajili ya zahanati na viongozi wa eneo, na nakala moja kwa mganga mkuu wa wilaya au manispaa.

Mimi nilichelewa, lakini nilirudi. Nilikaa na wachimbaji chini ya mti, nikawaeleza mambo matatu: kwamba mawe yaloweshwe maji kabla na wakati wa kusagwa ili vumbi lisipae, kwamba kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi lile laini, na kwamba mwenye kikohozi cha wiki mbili apimwe makohozi, naye amwambie mhudumu kuwa anafanya kazi ya mawe. Mzee aliyeniuliza alikuwepo. Hakunisifu. Aliuliza maji yatatoka wapi wakati wa kiangazi, na kuhusu hilo tulizungumza kwa muda mrefu kuliko mambo yangu matatu.

Swali lake hilo liliingia katika makala niliyoichapisha hatimaye, kama kikwazo ambacho mimi sikukiona nilipokuwa nikikusanya takwimu. Mwanafunzi mwingine alipokwenda eneo lile baadaye, wenyeji walimuuliza kwanza kama naye atarudi na majibu. Alipowaonesha tarehe aliyoipanga, walimkaribisha.